Muda hupotelea kwenye mishale: kuchambua mchakato wa manunuzi hadi malipo

Mchoro wa mchakato ukibandikwa ukutani, macho ya watu huenda kwenye visanduku. Kila idara hutafuta kisanduku chake, hukiona kimeandikwa sawa, na kikao huisha kwa makubaliano kwamba kazi inakwenda vizuri ila watu waongeze bidii. Wakati huo msambazaji aliyeleta mzigo tangu mwezi juzi bado anapiga simu kuulizia pesa yake. Nimeshiriki uchambuzi wa aina hii kwa muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba udhaifu mkubwa wa michakato ya ofisini hukaa kwenye mishale: pale faili linapolala likimsubiri mtu, na kwenye ule mshale unaorudi nyuma, ambao karibu hakuna anayekumbuka kuuchora.

Nitaeleza kazi yenyewe kwa kufuata mchakato mmoja tangu mwanzo wa uchambuzi hadi mwisho wake: manunuzi hadi malipo katika taasisi ya ukubwa wa wastani Dar es Salaam. Idara inaomba, ofisi ya manunuzi inatafuta bei, LPO (hati rasmi ya kuagiza) inatoka, stoo inapokea, uhasibu unalinganisha hati, benki inalipa. Karibu kila aliyefanya kazi ofisini ameugusa mchakato huu, na maumivu yake ni ya kweli. Mwenye duka la vifaa anayekaa miezi miwili bila kulipwa ana vijana wanaomtegemea kwa mshahara.

Kazi huanza kabla ya kalamu kugusa karatasi, kwa kukubaliana mipaka. Mchakato unaanza hitaji linapoonekana, au ombi linaposainiwa? Unaisha uhasibu unapotuma maelekezo benki, au pesa inapoingia kwenye akaunti ya msambazaji? Majibu mawili tofauti huzaa vipimo viwili tofauti, na baadaye watu watagombana kuhusu namba ilhali wanapima vitu visivyofanana. Amueni pia mnahesabu nini. LPO moja inaweza kuzaa ankara tatu kwa sababu mzigo uliletwa kwa awamu. Ukihesabu LPO mwanzoni na ankara mwishoni, hesabu zote za katikati zitakuwa batili na hutajua zilipoharibikia. Kwa mchakato huu napendekeza ankara, kwa sababu ndiyo inayolipwa.

Kuna jambo la pili la kabla ya kuanza, nalo ni zito zaidi. Karani wa uhasibu akisikia neno "ufanisi" anasikia "kupunguzwa kazini". Hofu hiyo ina msingi, na kuidharau ni kukosa utu. Kiongozi mwenye mamlaka aseme mbele ya wote, siku ya kwanza, kitakachowapata watu ambao kazi yao itapungua: watahamishiwa wapi, watafundishwa nini. Asiposema, kila unayemhoji atakupa mchakato ulioandikwa kwenye mwongozo, na huo unaweza kuusoma mwenyewe bila kumsumbua mtu.

Gharama nayo isemwe mapema. Kikao cha nusu siku chenye watu wanane ni siku nne za kazi zilizotumika, na kwa mchakato huu mtahitaji walau vikao vitatu: cha kuchora, cha kusahihisha na cha kuamua. Ongeza mtu mmoja wa kusoma mafaili na kuingiza tarehe kwenye Excel. Programu haihitaji kuwa gharama. Bizagi Modeler na Camunda Modeler zinapatikana bure, na kwa kikao cha kwanza karatasi za manila na maka peni zinafaa kuliko kompyuta, maana kila mtu anaweza kusimama na kufuta alichoona si kweli.

Chora kwa kuanzia masjala. Chukua mafaili ishirini yaliyokwisha kulipwa: kumi ya kawaida, matano yaliyochelewa kupita yote, na matano unayojua yaliwahi kurudishwa. Soma kila muhuri wa "IMEPOKELEWA", kila tarehe iliyo chini ya saini, kila dokezo la pembeni. Andika safu tatu tu: namba ya ankara, kilichofanyika, tarehe na saa. Kwa safu hizo tatu unaweza kupanga upya safari nzima ya faili. Taasisi yenye mfumo wa kompyuta inaweza kuzitoa safu hizohizo kwenye mfumo, lakini kuna mtego. Tarehe ya mfumo ni tarehe ya kuingiza taarifa, na mtunza stoo anayeingiza mapokezi ya wiki nzima Ijumaa mchana atakuonyesha kwamba mizigo yote ya mji hufika Ijumaa. Linganisha na daftari la getini.

Ndipo uende kwenye meza za watu. Swali la "unafanyaje kazi hii?" huleta jibu la mwongozo. Omba hivi: "Nionyeshe faili la mwisho ulilolishughulikia." Kisha: "Mara ya mwisho lilipokwama, ulimpigia nani?" Hapo ndipo njia halisi hutokeza: idhini iliyotolewa kwa simu na saini ikafuata baada ya siku kadhaa, picha ya profoma (ankara ya awali yenye bei) iliyotumwa WhatsApp, LPO iliyoandikwa baada ya mzigo kufika. Hili la mwisho lirekodi kwa uangalifu bila kumtaja mtu. LPO yenye tarehe ya baada ya ankara inakwambia kwamba njia rasmi ni ndefu mno kwa haja za dharura, na watu wameamua kuizunguka.

Kuhusu alama, sitakaa sana. Lugha ya kuchorea inayotumika zaidi ni BPMN. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2011 na mwaka 2013 likawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510. Duara jembamba ni mwanzo, duara nene ni mwisho, mstatili wenye kona za mviringo ni kazi, almasi ni njia panda, na kila mhusika ana ukanda wake. Kisanduku kianze na kitenzi: "Linganisha ankara na LPO". Ukiandika "Uhasibu" peke yake hujasema kinachofanyika.

Njia panda ndizo zinahitaji umakini wa kweli. Almasi yenye X maana yake njia moja tu ndiyo itafuatwa; yenye alama ya kujumlisha maana yake njia zote zinafuatwa kwa pamoja. Zinapofunguliwa kwa alama moja na kufungwa kwa nyingine, mchoro unabeba ugonjwa. Ukifungua kwa X na kufunga kwa kujumlisha, mchakato utakwama milele, kwa kuwa unasubiri njia ya pili ambayo haikuanza kabisa. Ukifungua kwa kujumlisha na kufunga kwa X, kila kinachofuata kitafanyika mara mbili. Kwenye malipo hiyo ina maana ya pesa: nakala moja ya ankara inatoka stoo, nyingine inaletwa na msambazaji uhasibuni, kila moja inafungua vocha yake, na msambazaji analipwa mara mbili. Nilipokuta kasoro hii kwenye mchoro, nilienda moja kwa moja kutazama kama ipo kwenye kazi. Tafuta kwenye leja ankara zenye namba ileile, au msambazaji yuleyule na kiasi kilekile ndani ya siku sitini.

Mchoro ukikubaliwa, kila kisanduku kipewe namba mbili: muda wa kazi yenyewe na muda wa kusubiri kabla yake. Huu ni mfano wenye namba za kuonyesha hesabu tu. Weka za kwako.

Kuandika ombi: dakika 20.
Idhini ya mkuu wa idara: dakika 5, kusubiri siku 1.
Kukusanya profoma tatu: dakika 90, kusubiri siku 4.
Kuchagua msambazaji: dakika 15, kusubiri siku 3.
Kuandika LPO: dakika 15, kusubiri siku 1.
Kupokea na kukagua mzigo: dakika 30.
Kulinganisha ankara, LPO na hati ya kupokea mzigo: dakika 20, kusubiri siku 5.
Kuandika vocha ya malipo: dakika 15, kusubiri siku 2.
Saini mbili: dakika 10, kusubiri siku 4.
Maelekezo ya benki: dakika 10, kusubiri siku 2.

Muda wa msambazaji kuleta mzigo tumeuacha nje. Kazi yote ni dakika 230, yaani saa tatu na dakika hamsini. Kusubiri ni siku 22, ambazo kwa saa nane kwa siku ni saa 176. Gawanya muda wa kazi kwa muda wote: kama asilimia 2. Namba hii huwatikisa viongozi, na ni vizuri iwatikise, kwa sababu inafuta wazo la kuwahimiza makarani wafanye haraka. Hata kila mtu akiongeza kasi maradufu, mtaokoa chini ya saa mbili kati ya mia na themanini.

Usitegemee muda wa kusubiri unaotajwa kwa mdomo. Kuna kanuni aliyoithibitisha mtafiti wa Marekani John Little mwaka 1961 ambayo inaweza kutumiwa na yeyote mwenye macho: idadi ya mafaili yaliyopo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda yanaokaa. Hesabu ankara zilizo kwenye trei, droo na sakafuni. Zikiwa 180, na kwa wiki huingia 60, basi kila moja hukaa wastani wa wiki tatu, hata kama mwenye meza anaamini kwa moyo safi kwamba ni wiki moja. Kanuni hii hufanya kazi pale ambapo kuingia na kutoka vinakaribiana, kwa hiyo usihesabu mwezi Juni ikiwa mwaka wenu wa fedha unaishia tarehe 30. Mwezi huo kila idara inakimbiza bajeti yake.

Kwa nini trei moja inajaa na nyingine haijai? Mara nyingi ni mtu mmoja aliyeelemewa, na hapa watu humwonea. Foleni haikui kwa mstari ulionyooka. Kwa hesabu rahisi ya foleni ya mtu mmoja anayepokea kazi bila ratiba maalumu, akiwa ameshughulika asilimia 80 ya muda wake, faili husubiri wastani wa mara 4 ya muda wa kulishughulikia. Asilimia 90, mara 9. Asilimia 95, mara 19. Meneja wa fedha anayesaini kila kitu, anayehudhuria kila kikao na anayesafiri kila mwezi yuko huko juu, na kumwandikia barua ya kuchelewesha kazi hakumrudishi chini. Kinachomrudisha chini ni kupunguza vinavyofika mezani kwake.

Sasa ule mshale wa kurudi nyuma. Ankara ikikosa hati ya kupokea mzigo, au risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi), au bei yake ikitofautiana na LPO, hurudishwa. Tuseme zinazorudishwa ni 30 kati ya kila 100, na zikirejea zina uwezekano uleule wa kurudishwa tena. Toa kiwango cha kurudi, 0.3, kwenye moja, upate 0.7, kisha gawanya muda wa hatua kwa namba hiyo. Zile dakika 20 za kulinganisha zinakuwa karibu 29, jambo dogo. Lakini siku 5 za kusubiri zinakuwa zaidi ya 7, kwa sababu faili likirudi linaanza foleni upya chini ya trei. Ndiyo maana napigania mshale huu uchorwe hata kama unaichafua picha.

Ukishauona, uliza kwa nini, na uendelee kuuliza hadi ufike kwenye kitu kinachoweza kubadilishwa. Ankara zinarudi kwa nini? Hazina hati ya kupokea mzigo iliyosainiwa. Kwa nini? Mzigo ulipokelewa na mlinzi. Kwa nini? Gari lilifika saa kumi na mbili jioni, stoo imefungwa. Kwa nini gari lije jioni? Hakuna aliyemwambia msambazaji saa za kupokea mizigo. Dawa yake ni mistari miwili kwenye LPO: saa za kupokea, na orodha ya hati zinazotakiwa kuambatana na ankara. Haigharimu hata shilingi. Wengi huishia kwenye "kwa nini" ya pili, wanamkaripia mlinzi, na mwezi unaofuata ankara zinarudi kama kawaida.

Kisha pitia visanduku kimoja kimoja kwa swali hili: nani angelalamika kikiondolewa? Akilalamika mteja, yaani idara iliyoomba au msambazaji, hatua ina thamani. Ikilalamika sheria au ukaguzi, hatua inabaki ila ifanywe nyepesi. Kukata kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma hakumpendezi yeyote, lakini ipo kisheria na ina tarehe zake za kuwasilishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Asipolalamika mtu, mna hatua ya kufuta. Kunakili namba za LPO kutoka kwenye mfumo kwenda kwenye daftari la pili ni mfano wa karibu kila ofisi.

Saini zina kipimo chake. Chukua vocha mia mbili za mwisho na uhesabu ni ngapi zilikataliwa au kubadilishwa na kila mwenye saini. Saini ambayo haijawahi kukataa chochote inastahili kuhojiwa kwa heshima. Huenda inazuia wizi kwa kuwapo tu, kwa hiyo isifutwe kibubusa. Mara nyingi inatosha kuihamishia kwenye ukaguzi wa sampuli baada ya malipo, au kuiwekea kiwango cha pesa. Panga manunuzi ya mwaka mzima kwa thamani na utaona kundi kubwa la maombi madogo yanayobeba sehemu ndogo ya pesa huku yakipita njia ileile ya manunuzi makubwa. Tuseme maombi 60 kati ya 100 yako chini ya kiwango mlichokubaliana, yanahitaji saini moja na kusubiri siku 1, na 40 yaliyobaki yanaendelea kusubiri siku 4. Wastani unakuwa siku 2.2 badala ya 4. Na meza ya meneja imepungukiwa zaidi ya nusu ya mafaili, kwa hiyo hata zile siku 4 zitashuka zenyewe.

Kuna mpaka ambao sitauvuka kwa jina la kasi. Anayeagiza, anayepokea na anayelipa wawe watu watatu tofauti. Ukiunganisha wawili kati yao, mchakato utakuwa mfupi na taasisi itaibiwa. Msambazaji anayeruhusiwa kubadilisha namba ya akaunti ya benki kwa barua pepe tu, bila kupigiwa simu kwenye namba ya zamani, ni mlango mwingine wa wizi ambao "kurahisisha" huufungua.

Mabadiliko makubwa zaidi hutoka kwa kuuliza kama hatua nzima inahitajika. Mfano wake unajulikana: miaka ya 1980 kampuni ya Ford ilikuwa na zaidi ya watu 500 kwenye kitengo cha kulipa wasambazaji Amerika Kaskazini. Ilipanga kupunguza asilimia 20 kwa kuboresha mifumo, hadi ilipogundua kwamba Mazda, iliyo ndogo zaidi, ilikuwa na watu 5. Kama alivyoeleza mtaalamu wa usimamizi Michael Hammer mwaka 1990, makarani wa Ford walikuwa wakitumia muda mwingi kutatua tofauti kati ya oda, hati ya kupokea na ankara, wakilinganisha vipengele 14. Ford iliondoa ankara kabisa: stoo ikipokea mzigo unaolingana na oda iliyo kwenye kompyuta, malipo yanaandaliwa. Vipengele vya kulinganisha vikawa vitatu, na watu wakapungua kwa asilimia 75. Tanzania hatuwezi kuiga hilo neno kwa neno, maana risiti ya EFD ni lazima. Tunaweza kuiga mahali pa kulinganisha: mtunza stoo akiwa na LPO mbele yake mzigo unaposhuka, tofauti ya idadi inatatuliwa dereva akiwa bado getini, na ankara yenye EFD inakaguliwa hapohapo kabla ya gari kuondoka. Ule mshale wa kurudi unakatwa kwenye shina.

Yote mliyoyakuta yaandikwe kwenye daftari moja la udhaifu: tatizo, chanzo, hutokea mara ngapi kwa mwezi, linagharimu saa au shilingi ngapi kila likitokea, nani ana mamlaka ya kulibadilisha. Zidisha idadi kwa gharama na mpange kuanzia juu. Udhaifu usio na mwenye mamlaka uondoeni kwenye orodha ya kazi za robo hii, hata ukiuma. Chagueni mawili au matatu. Taasisi inayobadilisha mambo tisa kwa mpigo haiwezi kujua lipi limesaidia na lipi limeharibu.

Pimeni upya kwa kipimo kilekile cha mwanzo, safu zilezile tatu. Wastani peke yake hudanganya, kwa sababu ankara moja iliyokaa siku 200 inavuta zote. Zipangeni kwa siku zilizokaa, mtazame ankara ya katikati, kisha ile ambayo 85 kati ya 100 zimelipwa kabla yake. Hiyo ya pili ndiyo inayowagusa wasambazaji wanaolalamika. Rudieni mwezi wa kwanza na wa tatu. Mwezi wa tatu ndio wa kuangalia kwa jicho kali: fomu za zamani zikiwa bado zimo kwenye droo, watu huzirudia siku ya haraka, na faili linarudi kwenye meza ya meneja kwa saini ambayo tayari ilifutwa. Zikusanyeni fomu hizo zote siku njia mpya inapoanza, na waambieni masjala wasipokee faili lililoandikwa kwenye fomu ya zamani, awe ameliandika mkuu wa idara yoyote.